Ijumaa Niliyowafuturisha Watu Mchana Kweupe

Nakumbuka Ijumaa moja ya Ramadhani, mwaka 2013, niliposhika kipaza sauti cha msikiti wetu wa huku upande wa Rungwe Mpya nikawafuturisha watu sitini na kitu jua likiwa bado linawaka. Cheka, mwanangu, usijizuie. Mimi mwenyewe siku hizi nacheka, ingawa ilinichukua muda kufika hapa.

Nakusimulia kwa sababu juzi umechaguliwa kuingia kamati ya msikiti, na nimekusikia ukisema wazee wanachelewesha mambo. Huenda una haki. Mimi pia nilikuwa na haki kidogo, na haki kidogo ndiyo hatari, maana mwenye nayo huona anayo yote.

Wenzangu wakikaa kukumbuka makosa ya ujana, husimulia ya walipokuwa na miaka ishirini. La kwangu nililifanya nikiwa na miaka sitini kamili. Mtu akistaafu huwa kijana upya: hana bosi, hana kengele, na ana maoni juu ya kila kitu. Nilikuwa nimefundisha jiografia katika shule za sekondari za Dar es Salaam miaka thelathini na mitatu. Waliniaga kwa soda na saa ya ukutani, nikapanda basi kurudi Kasulu. Nilirudi na masanduku mawili, godoro, na simu ya kupangusa aliyoninunulia mwanangu wa kwanza. Ndani ya simu hiyo alikuwa ameniwekea kitu cha kunikumbusha vipindi vya swala. Wakati ukifika, simu inaadhini yenyewe. Nilirudi pia na imani kwamba kijiji kizima kilikuwa kimekaa miaka yote hiyo kikinisubiri nije nikinyooshe.

Nikaupenda msikiti wetu tangu siku ya kwanza, hilo sikufichi. Ni nyumba ya tofali za kuchoma na bati, sakafu ya saruji, mikeka iliyosukwa na akina mama wa hapa hapa. Umeme hatukuwa nao. Kipaza sauti kilitumia betri ya gari iliyochajiwa kwa sola. Mtu asiyejua hudhani msikiti ni mahali pa kusujudu na kuondoka. Ukae siku nzima uone. Asubuhi watoto wanasoma alifu na be kwa sauti za kushindana. Adhuhuri anaingia mkulima na matope ya shambani miguuni, anatawadha kwenye birika, anaswali, kisha anajinyoosha dakika kumi kwenye ubaridi wa sakafu. Pale ndoa hufungwa, wagomvi hupatanishwa, msafiri aliyeachwa na basi hupewa mkeka. Kwenye kona ya nyuma limesimama jeneza, nasi tunaswali mbele yake kila siku, tukijua halimkatai mtu. Na ukiingia safu, hapana mwalimu wala mchunga mbuzi. Bega linagusa bega, na aliyechelewa anasimama nyuma hata angekuwa mkuu wa wilaya.

Yote hayo niliyaona, mwanangu. Nililoshindwa kuliona ni moja tu, nalo lilikuwa limekaa mlangoni.

Mlangoni alikaa Mzee Saidi Bukuru, mwadhini wetu. Alikuwa amepita miaka themanini, mrefu, mkavu, mwenye sauti ambayo uzee uliiogopa. Alikuwa ameadhini tangu msikiti ukiwa wa nyasi. Ramadhani, jua likishaelekea kwenda, alitoka nje akaketi juu ya jiwe lake, tende moja kiganjani, akaupa mgongo upande jua linakozama. Aliangalia mashariki, ng'ambo ya bonde, kwenye kilima chenye kanisa na zahanati. Hatua chache kutoka kwake, chini ya kibanda, mkewe Bi Zena alikuwa akikoroga sufuria kubwa la uji wa msikiti. Bi Zena akimaliza, aligonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria mara tatu, ko, ko, ko. Hapo mzee alikohoa, akainuka, akaingia kuadhini.

Siku ya kwanza nikatazama nikanyamaza. Siku ya pili nikatazama tena. Siku ya tatu nikawa nimefikia uamuzi: mwadhini huyu anangoja uji uive.

Sasa elewa na hali yangu. Kijiji chetu kiko bondeni, na upande wa magharibi tuna mlima mrefu. Jua linaingia nyuma ya mlima mapema, kivuli kinatufunika, nasi tunabaki na anga jeupe na matumbo matupu kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimezoea kufuturu Dar es Salaam miaka thelathini na mitatu. Mwili ulikuwa umefika Kasulu, tumbo lilikuwa bado na saa za Dar. Kila jioni ilipofika saa kumi na mbili na dakika ishirini na kitu, simu yangu iliadhini mfukoni, na redio ya jirani nayo iliadhini kutoka Dar, na Mzee Bukuru yuko juu ya jiwe, ametulia, anatazama kanisa.

Nikaanza kunong'ona. Maneno ya msikitini huanza hivyo, mwanangu, kwenye kuvaa viatu. Nikamwambia mmoja, "Wenzetu wa Dar wanakula sasa hivi. Kwani nchi yetu ina saa ngapi?" Nikamwambia mwingine kwamba tumeambiwa tuharakishe kufuturu, na sisi tunafungishwa hadi uji wa mtu uive. Nikawaonyesha simu. Vijana wakaipenda, inaandika, inahesabu, inaadhini kwa sauti tamu. Wazee wawili watatu walisema tangu babu zao hapa watu hufuturu karibu na saa moja. Nikawajibu kwa Kiswahili cha darasani, kile chenye "kitaalamu" ndani yake, wakanyamaza. Mtu mwenye njaa hahitaji ushahidi mwingi.

Ijumaa ile shehe wetu, Shehe Twaha, baada ya swala ya Ijumaa alikwenda Kasulu mjini kufungisha ndoa. Bi Zena naye, kwa kuwa watu wa Ijumaa huwa wengi, aliliacha sufuria jikoni, akapanda kule kwenye kilima cha zahanati kuazima bakuli. Mimi nikaona mlango umefunguka. Nikaenda hadi kwenye jiwe, nikainama kwa heshima zote za mtu anayekuja kupokonya.

"Mzee wangu, leo nisaidie mimi kuadhini. Wewe pumzika."

Aligeuza uso kunielekea. "Wakati umefika, Mwalimu?"

"Umefika. Kitaalamu umefika."

Alitega sikio upande wa kibanda, kisha akasema, "Zena hajagonga."

Nikacheka moyoni. Unaona, mwanangu? Nilidhani amekiri mwenyewe. Nikamwambia kwamba leo hatungoji sufuria la mtu. Yeye hakubishana. Ukubwa ni jalala, kila mtu hutupia takataka zake. Alisema tu, "Ego, ikiwa umeona, adhini," kwa ile ego yetu ya Kiha, ya mtu anayekubali kwa sababu umemwambia umeona.

Nikaingia. Nikakohoa kama yeye. Nikaadhini. Nilijisikia vizuri, sikufichi. Sauti ilijaa bonde ikarudi. Nilipotoka, watu walikuwa wameshatumbukiza tende midomoni, muhogo uko mikononi, maji yanashuka kooni na kila mtu anasema Alhamdulillahi. Kijana mmoja aliniambia, "Mwalimu, umetukomboa." Mzee Bukuru alikuwa bado juu ya jiwe, tende yake kiganjani, hajala. Nikasema moyoni, mzee amesusa.

Ndipo walipotokea wanawake wawili kwenye njia inayotoka kilimani. Mmoja ni Bi Zena. Mwenzake alikuwa Neema, muuguzi wa zahanati, Mkristo, mwenyeji wa Dar es Salaam aliyeletwa huku kikazi, amembebea Bi Zena beseni la bakuli kichwani. Neema huyu nilimfundisha kidato cha pili. Tulipokutana huku mara ya kwanza tulifurahi kama ndugu.

"Shikamoo Mwalimu," alisema. "Jamani, leo mmefuturu mapema. Huko juu jua limetupiga machoni hadi nimekosa njia."

Kila mtu aliganda. Kisha, kama walioambiwa, wote wakageuka kutazama mashariki, kwenye kilima cha kanisa. Bati la kanisa lilikuwa linawaka. Si kung'aa kidogo, mwanangu. Lilikuwa linawaka lote, na ukuta wa zahanati ni wa njano, na nusu nzima ya kilima iko kwenye jua la jioni kama haina habari na sisi. Kivuli cha mlima wetu kilikuwa kinapanda polepole, hakijafika hata kwenye migomba ya chini ya kanisa.

Bi Zena aliliangalia bati, akaangalia bakuli la karibu, akaangalia mwiko wake uliolala juu ya kifuniko.

Mzee mmoja akatema muhogo. Mwingine alikuwa na maji mdomoni, akakosa la kufanya, ayateme au ayameze, mashavu yamejaa. Leo nikimkumbuka nacheka hadi machozi, lakini saa ile nilitamani ardhi inifunike. Funga ya mtu ni jasho lake. Kati ya wale palikuwa na waliolima tangu alfajiri midomo mikavu, palikuwa na bibi aliyekuwa akifunga akiwa mgonjwa wa miguu, na mimi nimeipeperusha siku yao kwa maneno ya kitaalamu.

Neema ndiye aliyekuja karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, simu yako inafuata saa za mji gani?"

Nikaitoa. Juu kabisa, kwa herufi ndogo ambazo sikuwahi kujisumbua kuvaa miwani kuzisoma, palikuwa pameandikwa Dar es Salaam.

Neema akachukua kijiti, akachora mavumbini. Mstari wa Dar, longitudo thelathini na tisa. Mstari wa Kasulu, thelathini. Tofauti tisa. Kila digrii dakika nne. "Dakika thelathini na sita, Mwalimu," akasema, na mdomo ukamcheza. "Kwa swali hili hili ulinichapa viboko viwili."

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa Mzee Bukuru. Alicheka kwa kifua chote, tende bado iko kiganjani, na watu wakaambukizwa, hata yule wa mashavu akayapuliza maji yote nje. Mimi sikuweza kucheka. Nilisogea pembeni nitafute viatu vyangu niende zangu. Sikuona nitasimamaje tena mbele ya watu wale. Nilishaanza kuhesabu siku za basi la Dar.

"Mwalimu," mzee aliniita. "Njoo uketi hapa."

Nikaketi chini, karibu na jiwe. Akawaambia watu waache kula, wajizuie kama waliofunga, hadi wakati ufike kweli. Mengine Shehe atatuambia akirudi. Basi tukakaa wote, watu sitini na kitu, tumeshiba robo, tunatazama bati la kanisa. Hakuna dakika ndefu kama zile. Kivuli kilipanda migomba, kikapanda ukuta wa zahanati, kikafika kwenye kingo za bati, kikalimeza. Juu yake anga la mashariki likaanza kuwa la buluu nzito. Bi Zena, bila kumtazama mtu, akachukua mwiko akagonga sufuria. Ko, ko, ko.

Mzee akakohoa. Lakini hakuinuka. Akanigusa bega.

"Nenda ukaadhini."

Nikamwambia siwezi, nimeshaaibika. Akanijibu maneno ambayo hadi leo nikishika kipaza sauti nayasikia. "Wamekula kwa sauti yako, wafuturu kwa sauti yako. Waambie kwanza kwamba umekosea, kisha adhini. Mwadhini hana wakati wake, Mwalimu. Ameazimwa masikio ya watu."

Nikaingia. Nikasema ndani ya kipaza sauti, bonde zima likisikia, "Ndugu zangu, mimi Mwalimu nimekosea, na kosa ni langu peke yangu." Nikaadhini. Sauti haikujaa bonde safari hii, ilitetemeka. Nilipotoka, Mzee Bukuru alikuwa anatia tende yake mdomoni, na alikuwa mtu pekee pale ambaye funga yake ilikuwa nzima.

Shehe Twaha alirudi usiku kwa pikipiki, akaelezwa, akashika ndevu. Hukumu yake ilikuwa fupi: kila aliyekula ailipe siku ile baada ya Ramadhani. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama simu ile inaweza pia kuhesabu siku.

Asubuhi nilikuwa nimefunga sanduku moja kati ya yale mawili. Mzee Bukuru akafika kwangu na fimbo yake, Bi Zena akiwa amemshika kiwiko. "Mwakeye, Mwalimu," akasalimu, akaketi, akagusa sanduku kwa fimbo. Akaniuliza kama, miaka yote niliyofundisha, mwanafunzi aliyekosa jibu nilimfukuza shule. Nikasema hapana, nilimrudishia daftari arekebishe. "Basi na wewe rekebisha," akasema. Kufanya kosa si kosa. Kosa lingekuwa kupanda basi.

Nikalifungua sanduku.

Ramadhani ikaisha, Idi ikapita, watu wakapanga kuilipa siku ile kwa pamoja, Jumatatu moja. Nilikwenda mapema kuchota maji ya uji, nikamkuta Mzee Bukuru juu ya jiwe, midomo mikavu. Nikamuuliza kama amefunga. Akasema amefunga. Nikamkumbusha kwamba yeye hadaiwi, hakula siku ile. Akasema, "Watu wote wamefunga, mimi nile na nani?"

Kosa lilikuwa langu, mwanangu, na mzee wa miaka themanini na zaidi amelishika upande wa pili tulibebe wote. Nikaketi karibu naye hadi jioni, kivuli kikaanza kupanda kilima cha kanisa.

Kikiwa kimefika kwenye migomba, aliniinamia akaniuliza polepole, "Bati linang'aa bado, Mwalimu?"

Nikadhani ananijaribu. Nikasema linang'aa. Baada ya muda akauliza tena. Nikamgeukia nimwangalie vizuri, na hapo ndipo nikayaona macho yake. Katikati ya kila jicho palikuwa peupe kama maziwa. Nilikuwa nimeketi na mtu yule miezi mingi, nimemsengenya kwa wiki nzima, sijawahi kumwangalia machoni.

"Tangu lini, mzee wangu?"

"Huu mwaka wa tatu. Nyumba naiona, watu nawaona kwa sauti. Kanisa silioni."

Basi nikaelewa. Bi Zena ndiye aliyekuwa akilitazama bati. Likizima, alisubiri kidogo kwa tahadhari, akagonga mwiko. Mzee akasikia, akainuka. Miaka mitatu kijiji kizima kilifuturu kwa macho ya mwanamke mmoja na koo la mumewe, na hakuna aliyejua, kwa kuwa wawili wale hawakutaka kusifiwa wala kuhurumiwa. Tahadhari ile iliongeza dakika chache, ni kweli. Zile dakika chache ndizo ile haki yangu kidogo niliyokuambia. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nilikuwa naomba Mwenyezi Mungu aniletee mtu mwenye macho," akasema, na nikaona anacheka. "Ukaja wewe, na macho yako yote yako kwenye simu."

Jioni ile Bi Zena alipotaka kugonga, nilimwomba asubiri. Nikamwambia mzee kivuli kiko wapi, hatua kwa hatua, kwenye mgomba, kwenye ukuta, kwenye kingo, bati zima. Akakohoa, akainuka, akaadhini kwa sauti yake ile iliyoogopwa na uzee, nasi tukafuturu, deni letu likaisha.

Neema ndiye aliyetuambia, mwaka uliofuata, kwamba madaktari wa macho wanakuja Kasulu mjini. Alimwandikia mzee karatasi, mimi na Bi Zena tukampeleka, akatolewa mtoto wa jicho, kwanza la kulia, baadaye la kushoto. Siku tuliporudi alitaka apelekwe kwenye jiwe kabla ya nyumbani. Akaketi, akakaza macho ng'ambo ya bonde, akatazama kwa muda mrefu. Sisi tunangoja aseme neno la shukrani, tumeshaanza kulengwalengwa.

"Kumbe bati lile limeshika kutu," akasema.

Siku hiyo hiyo akamtuma Neema awafikishie watu wa kanisa salamu kwamba wakitaka kulipaka rangi, msikiti utachangia mikono, mradi rangi iwe ya kung'aa. Wakaja kweli kutuita. Nilipanda ngazi mimi mwenyewe, mzee akiwa chini ananielekeza kila nilipopitiwa.

Sasa ametangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu amrehemu, na alibebwa kwa jeneza lile lile la kona ya nyuma. Nimelirithi jiwe. Simu ninayo bado, na inajua kwamba iko Kasulu. Nimevaa miwani nikairekebisha. Naitazama, kisha natazama bati, kisha namsikiliza Bi Zena. Vitatu vikikubaliana, naadhini.

Mwanangu, simu yako itumie, sikukatazi. Mimi si mzee wa kukataa mapya. Ila ukiingia msikitini na kuona mzee anachelewa, usikimbilie kukishika kile alichoshika. Keti karibu naye kwanza, umtazame machoni, umuulize anangoja nini. Penye wazee haliharibiki neno, walisema, lakini wazee nao hawakusema wanaona kila kitu. Huenda mzee wako anangoja mtu wa kumwazima macho, na mtu huyo ni wewe. Ile safu tunayosimama bega kwa bega haiishii kwenye swala. Asiyeona huegemea anayeona, asiyejua huegemea anayejua, na aliyekosea huegemea wote. Na ukikosea, maana utakosea, kosea ukiwa miongoni mwa watu, ukaseme kwenye kipaza sauti kile kile ulichokosea nacho. Usifunge sanduku.

Nakuombea Mwenyezi Mungu akupe macho ya kuona mbali na subira ya kutazama karibu. Akujalie mwenza wa kukugongea mwiko siku macho yako yatakapochoka, na majirani wa kukuambia jua bado linawaka. Funga zako zikubaliwe, na ile moja niliyowaharibia watu nihesabiwe mimi peke yangu.

Haya, inuka. Nenda nje ukaniangalizie bati.